Otisme: ginsi mutoto ao mutu mukubwa anapimwa, na muzazi aanzie wapi

Kwenye vituo vya afya vya mashariki mwa Kongo, jambo hili linaanzaka karibu namna moja. Mama anafika na mutoto wa miaka 3 juu ya kikohozi, ao siku ya kupima kilo. Wakati anataka kutoka, anageuka na kuuliza: «Na huyu, juu ya nini hasemake?» Majibu ya kartie anayajua tayari. «Atasema tu, hata papa yake alichelewa.» «Iko kiziwi.» «Kuna kitu walimufanyia.» Mara mingi, kati ya wote wanaojibu, hakuna hata mumoja aliyemupima mutoto.

Nyuma ya ulizo hilo kunaweza kuwa mambo mbalimbali. Moja kati yao ni otisme, ile ambayo majirani wa Tanzania na Kenya wanaita usonji. Si kila mutoto anayechelewa kusema ana otisme, na si kila mwenye otisme anakosa kusema. Tena otisme haionekane katika damu, haionekane kwa radio ya kichwa wala kwa skana. Inatambuliwa kwa maulizo, kwa kumuangalia mutu, na kwa kumbukumbu ya wale waliomulea. Njo maana sehemu kubwa ya kazi hiyo inaanzia nyumbani, hata pahali ambapo muganga wa akili iko mbali.

Otisme ni kitu gani

Otisme ni namna ya pekee ambayo ubongo wa mutu unakomaa, tangu mbele ya kuzaliwa na katika miaka ya kwanza ya maisha. Haiambukize. Si wazimu, na haitokane na malezi mabaya. Urizi wa ukoo una nafasi kubwa ndani yake: familia ambayo tayari ina mutoto mumoja mwenye otisme inaweza kupata mwingine kwa urahisi kuliko familia zingine.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba katika mwaka wa 2021 karibu mutu mumoja kati ya watu 127 duniani alikuwa na otisme. Kwa hiyo, katika shule yenye wanafunzi mamia mbili ao tatu, si ajabu kuwe mumoja ao wawili, hata kama hakuna aliyewapa jina hilo.

Mwaka wa 1943, muganga Leo Kanner, aliyefanya kazi Baltimore, Marekani, aliandika juu ya watoto 11 waliokuwa na tabia hizo. Kwa miaka mingi kisha pale, waganga wengi wa Ulaya na Marekani walilaumu mama, wakisema kwamba otisme inaletwa na mama asiye na upendo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba hiyo si kweli.

Leo, wale wanaopima wanafuata hasa vitabu viwili: DSM-5 ya Marekani, iliyotoka mwaka wa 2013, na CIM-11 ya OMS, iliyoanza kutumika mwaka wa 2022. Vyote viwili vinatafuta pande mbili. Upande wa kwanza ni shida ya kuwasiliana na kushirikiana na watu. Upande wa pili ni mambo yanayorudiwa-rudiwa, kushikamana sana na desturi moja, kupenda jambo moja kupita kiasi, ao kusikia makelele, mwangaza, harufu na kuguswa kwa namna isiyo ya kawaida. Upande mumoja peke yake hautoshe. Zamani kulikuwa majina mengine, kama vile Asperger. Siku hizi yote yameingizwa katika jina moja, na kinachoangaliwa ni musaada gani mutu anahitaji: kidogo, wa kutosha, ao mukubwa sana.

Dalili ambazo muzazi anaweza kuona

Dalili hizi hazitoshe kusema mutoto ana otisme. Zinatosha kusema anapaswa kuangaliwa.

- Kufikia miezi 6: hachekelee watu wanaomuchekelea.
- Kufikia miezi 12: haitikie jina lake, hapunge mukono, haige sauti wala michezo ya uso.
- Kufikia miezi 16: hana hata neno moja.
- Kufikia miezi 18: haonyeshe vitu kwa kidole.
- Kufikia miaka 2: haunge maneno mawili yake mwenyewe, kama vile «leta maji».
- Umri wowote: alikuwa anasema ao anachekelea watu, kisha akaacha. Hapo muzazi asingojee hata juma moja.

Jambo la kidole linahitaji maelezo. Mutoto anayevuta mukono wa mama mpaka kwenye bidon ya maji anaomba kitu. Mutoto anayeonyesha elikopta inayopita, kisha anamuangalia mama kuona kama naye ameiona, anashirikisha furaha yake. Ni huko kushirikisha ndiko kunakokosekana mara mingi kwa mutoto mwenye otisme.

Upande wa pili unaonekana katika michezo na maisha ya kila siku. Kuna mutoto anayepanga vizibo vya chupa kwenye mustari saa nzima na kulia sana mutu akikisogeza kimoja. Mwingine hasukume chukudu yake ya kuchezea, anailaza tu na kuzungusha gurudumu. Mwingine anaziba masikio wakati jenereta inawaka ao wakati bafle za kanisa zinaanza. Mwingine anakula fufu peke yake, na sombe ikigusa sahani anakataa yote. Kuna anayerudilia neno kwa neno matangazo aliyosikia kwa radio, lakini hawezi kujibu ukimuuliza kama ana njaa.

Wasichana wanapitwa mara mingi. Wengi wao wanaangalia wenzao na kuiga, na kwa sababu wananyamaza darasani, watu wanasema tu kwamba wana haya.

Masikio kwanza

Mbele ya kusema otisme, muganga muzuri anataka kujua kama mutoto anasikia. Kupiga makofi nyuma ya mugongo wake hakutoshe. Mutoto anaweza kusikia mulango unaogongwa na asisikie sauti nyembamba za maneno. Tena mutoto mwenye otisme anaweza kukosa kuitikia jina lake lakini akakimbia akisikia mufuko wa biskuti unafunguliwa. Ni fasi ya muganga wa masikio, ule wanaoita ORL, ambaye anapatikana katika hopitali kubwa za miji.

Kisha masikio, anaangalia mengine. Je, mutoto alikosa pumzi wakati wa kuzaliwa? Alipata manjano kali katika siku za kwanza, ao meninjite, ao malaria iliyopanda ku kichwa? Anaanguka kifafa, ao anakauka macho kwa sekunde kidogo bila kusikia? Mambo hayo yanaweza kuchelewesha mutoto bila kuwa otisme, ao kuwa pamoja nayo. Kifafa hasa kinapatikana mara mingi kwa watu wenye otisme, na kifafa kina dawa. Mutoto ambaye familia inasema «ni tabia yake tu» anaweza kukosa matunzo kwa miaka.

Kuchuja si kupima

Hapa njo watu wengi wanachanganya. Kuna fomu fupi za kuchuja, na kuna kupima kwenyewe.

Fomu ya kuchuja inayojulikana sana inaitwa M-CHAT-R. Ina maulizo 20, muzazi anajibu ndiyo ao hapana, na iko pia katika Kifaransa bila kulipa. Ni ya watoto wa miezi 16 mpaka 30. Pointi 0 mpaka 2, hatari ni ndogo. Pointi 3 mpaka 7, kunaulizwa maulizo ya ziada juu ya kuhakikisha. Pointi 8 na zaidi, mutoto anatumwa moja kwa moja kwa wanaopima. Fomu hiyo haiseme «mutoto wako ana otisme». Inasema tu «usikae, mupeleke». Na haifae kwa mutoto wa miaka 6, hata kama mutu ameipata kwa simu na kuijaza.

Kupima kwenyewe kunachukua muda. Mupimaji anazungumuza na wazazi juu ya historia yote: mimba, kuzaliwa, neno la kwanza, kutembea, ginsi mutoto anacheza na wengine. Anakaa na mutoto na kumuangalia katika muchezo: je, ataleta kitu juu ya kukionyesha? Atafanya nini mupira ukifichwa? Anapima akili na mambo ya nyumbani, kama vile kuvaa, kula na kwenda choo. Anaomba habari za mwalimu. Muganga naye anaangalia mwili.

Katika inchi tajiri wanatumia pia vyombo maalumu. ADI-R ni mazungumuzo na wazazi yenye maulizo 93. ADOS-2 ni michezo na maongezi yaliyopangwa kulingana na ginsi mutu anavyosema, toka mutoto mudogo mpaka mutu mukubwa. Vyombo hivyo vinauzwa bei kali na vinahitaji mafunzo. Lakini kukosa sanduku hilo si kukosa kupimwa. Mutu aliyesomea kazi hiyo, mwenye muda wa kuuliza na kuangalia, anaweza kufikia jibu kwa kufuata DSM-5 ao CIM-11. Katika mikono yenye uzoefu, jibu linaweza kutegemewa tangu mutoto akiwa na miaka 2 hivi. Kinachopaswa kutia wasiwasi ni jibu lililotolewa kwa dakika kumi, ao kwa simu, ao na mutu ambaye hakuuliza kitu juu ya miaka ya kwanza.

Luga nayo ina uzito. Mutoto anayesema Mashi, Kinande ao Kihema nyumbani, akipimwa kwa Kifaransa, ataonekana kama bubu. Wazazi wana haki ya kuomba apimwe katika luga anayosikia, ao wamulete mutu wa kutafsiri.

Mutoto aliyenyamazishwa na vita

Katika majimbo ya mashariki, kuna jambo ambalo vitabu vya mbali hawaliweke mbele. Mutoto aliyekimbia usiku, aliyeona watu wakiuawa, ao aliyeishi muda murefu katika kambi ya wakimbizi wa ndani, anaweza kuacha kusema. Anaweza kuogopa watu, kushituka kwa kila sauti, kukataa kuguswa, kucheza muchezo ule ule kila siku. Kwa macho, anafanana na mutoto mwenye otisme.

Kinachowatenganisha ni tarehe. Mutoto wa vita alikuwa anachekelea, anaonyesha kidole, anacheza na wenzake, kisha jambo likatokea na akabadilika. Mutoto mwenye otisme, mara mingi, dalili zilikuwa pale mbele ya kukimbia, hata kama hakuna aliyezitambua. Mutu anayepima hawezi kuiona tarehe hiyo kwa uso wa mutoto. Ni mama, papa, tate ao dada mukubwa anayeijua.

Tena mutoto mumoja anaweza kuwa na yote mawili. Mwenye otisme naye anakimbia, na kwake kupoteza nyumba, sahani yake na njia yake ya kila siku kunaweza kuwa muzigo wa ziada. Kusema «ni vita tu» kunaweza kuficha otisme, na kusema «ni otisme tu» kunaweza kumunyima matunzo ya kidonda cha moyo.

Watu wakubwa nao wanapimwa

Otisme haiishe kwa miaka 18. Kuna watu wakubwa ambao waliitwa wagumu, wenye kiburi ao «mutu wa pekee yake» maisha yote. Wengine wanafanya kazi vizuri kabisa katika jambo moja, kama vile hesabu, mashine ao kupanga dosie, lakini mukutano wa familia unawachosha kama kubeba mizigo. Wengi wanafikia kujiuliza siku mutoto wao anapimwa, wakisikia maulizo na kujiona ndani yake.

Kuna fomu za kujichuja. Ile ya AQ, iliyotolewa mwaka wa 2001 na kikundi cha Simon Baron-Cohen cha chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, ina maulizo 50. Nayo ni kuchuja tu. Wasiwasi mukubwa, huzuni ya muda murefu ao vidonda vya vita vinaweza pia kupandisha pointi.

Kwa mutu mukubwa, mupimaji anatafuta kama dalili zilianza utotoni. Njo maana anaomba mama, shangazi ao kaka mukubwa aje. Kama wamekufa ao wako mbali, bulteni za shule ya msingi zenye maneno ya mwalimu zinaweza kusaidia, pamoja na ushuhuda wa mutu waliyekomaa pamoja. Jibu halibadilishe mutu. Lakini linaweza kuondoa lawama ya miaka mingi, na kusaidia bibi, bwana ao mukubwa wa kazi kuelewa.

Ulozi, chanjo na luga mingi

Kosa linaloumiza zaidi ni kumuita mutoto mulozi. Mutoto asiyeangalia watu usoni, anayeongea peke yake, anayelala kidogo na kulia bila sababu inayoonekana, anaweza kufungiwa katika chumba cha maombi, kunyimwa chakula ao kupigwa «juu pepo litoke». Katiba ya Kongo ya mwaka wa 2006, katika sehemu yake ya 41, inakataza kushitaki mutoto kwa ulozi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inaazibu jambo hilo. Familia inaweza kuomba kwa Mungu na kumupeleka mutoto kupimwa. Moja haizuie ingine. Lakini njaa na fimbo si maombi.

Chanjo haileti otisme. Uvumi huo ulipata nguvu kwa andiko la mwaka wa 1998 la Andrew Wakefield, Uingereza, lililozungumuzia watoto 12 tu. Gazeti la waganga lililolichapisha, The Lancet, lililiondoa mwaka wa 2010, na mwaka ule ule Wakefield akafutwa katika liste ya waganga wa Uingereza. Uchunguzi juu ya watoto wengi sana haukuona uhusiano wowote. Surua, yenyewe, inaua watoto.

Kusema luga mbili ao tatu nyumbani nako hakulete otisme.

Aanzie wapi

Hatua ya kwanza hailipishe kitu. Muzazi achukue kaye na aandike: neno la kwanza lilikuja lini, mutoto aliacha nini na lini, anafanya nini akiitwa, anacheza namna gani, nini kinamuliza. Aandike tarehe za kukimbia na za magonjwa. Kama kuna simu, achukue video fupi za mutoto akicheza, akila, akiitwa jina. Mbele ya muganga, watoto wengi wanalia ao wanalala; video inaonyesha maisha ya kweli.

Hatua ya pili ni kituo cha afya cha karibu. OMS ina kitabu kinachoitwa mhGAP, kilichotengenezwa kwa waganga na wauguzi wasio wa akili, na ndani yake muna sehemu ya watoto wanaochelewa kukomaa. Muuguzi anaweza kuangalia mwili na kuandika karatasi ya kumutuma kwa pediatre wa hopitali kubwa ya zone, na kwa ORL.

Hatua ya tatu ni mahali pa magonjwa ya akili. Bukavu kuna SOSAME, na Goma kuna Tulizo Letu. Kinshasa kuna CNPP ya chuo kikuu. Mbele ya kusafiri, heri kutuma mutu ao kupiga simu na kuuliza mambo manne: nani atamupima na amesomea nini, anapima watoto ao watu wakubwa tu, ni mara ngapi wataonana, bei yote pamoja ni ngapi. Na mwisho, kuomba ripoti iliyoandikwa, yenye tarehe na sahihi. Bila karatasi, kila muganga mupya ataanza upya.

Kisha jibu

Hakuna dawa inayoondoa otisme. Mutu anayeuza kinywaji, sindano ao matone ya «kuponya otisme» anauza uongo, na vingine vinaweza kuua. Dawa zinatolewa kwa mambo yaliyo pembeni, kama vile kifafa ao kukosa usingizi.

Kinachosaidia ni kazi ya kila siku: maneno mafupi, kumuonyesha mutoto picha ao kitu chenyewe mbele ya kumuambia, kufanya mambo kwa mupangilio ule ule, kucheza na kile anachopenda ili aingie katika muchezo wa wawili, kumufundisha kuomba kwa mukono kama hasemi. OMS ina mafunzo ya walezi yanayofuata njia hiyo, na yanafaa hata kwa mutoto ambaye bado hajapata jina la shida yake. Kwa hiyo, wakati familia inatafuta feza ya safari ao inangoja barabara ifunguke, kazi inaweza kuanza.

Shule nayo ina wajibu. Sheria ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu katika Kongo, na ripoti ya kupimwa inaweza kuwa karatasi ya kwanza ya kuweka mbele ya mukubwa wa shule. Kuomba akae mbele, mbali na dirisha, apewe maagizo moja moja, na asichapwe kwa sababu ya kuziba masikio, hakuongeze gharama hata moja.

Kila tarehe 2 mwezi wa ine ni siku ya dunia ya otisme, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 2007. Muzazi asiingoje siku hiyo. Mutoto wa miaka 2 ambaye haonyeshe kitu kwa kidole, kaye yake inaweza kufunguliwa leo.